Mtumbwi wa Kumvusha Mama

Jumatatu, 4 Machi
Chai, dawa ya Mama ya presha, chakula cha kuku, kisha simu. Nimetazama mitumbwi ya plastiki hadi macho yanawasha. Mwembamba, mpana, wa watu wawili, wa watatu. Mtu wa Kitengela anajua nini kuhusu mitumbwi? Lakini mvua iliyopita mto ulitufungia ng'ambo hii, Mama akakosa kusafishwa damu hospitalini, na figo zake hazifanyi kazi. Alivimba uso hadi nikaogopa kumwangalia. Sirudii hayo.

Kakangu mdogo, Kamau, anasema tumhamishie kwake Laiser Hill, ng'ambo ya pili. Mama amekataa. Baba amezikwa hapa shambani. "Mto ukijaa nitakaa tu. Mungu ananijua." Nimeenda kulia kwa banda la kuku. Hasira tupu.

Alhamisi, 7 Machi
Kamau anataka ule mwembamba. Eti uko na mbio. Mbio za kwenda wapi? Mimi nataka wenye kitako bapa, wa kubeba Mama leo na kesho gesi, unga, hata mbuzi. Ni mzito, sawa. Tumegombana kwa simu. Kitinda mimba anajifanya nahodha!

Muuzaji ataleta yote miwili tujaribu kwa silanga, bwawa la kunyweshea mifugo la jirani yetu, Mama Naserian. Mama amesikia. Amesema yeye haingii kwa karai.

Jumamosi, 9 Machi
Mama alikuja na kiti chake, akaketi kando ya maji. "Wekeni kondoo kwanza. Kondoo hajui kudanganya." Muuzaji akacheka. Mama hakucheka. Alifuga kondoo huko Nyandarua alipokuwa msichana.

Mama Naserian akaleta kondoo jike mnene. Tukamsukuma ndani ya ule mwembamba, Kamau nyuma na kasia. Kondoo akageuka mara moja tu. Wote majini! Kondoo ndiye aliyetoka wa kwanza. Kamau akafuata, matope hadi masikioni.

Ule mpana ukayumba, ukatulia. Kondoo akasimama, akatazama huku na huku, akaanza kucheua.

Tumechukua mpana. Mama anasema hajaahidi kitu.

Jumatatu, 1 Aprili
Mvua. Mto unanguruma. Kamau amekuja mapema, tumefunga kamba ng'ambo hadi ng'ambo kabla maji hayajapanda zaidi. Kesho ni siku ya hospitali. Siwezi kula.

Jumanne, 2 Aprili
Mama alijifungia chumbani. Sikubembeleza. Nilimwambia kupitia mlango: usipopanda nitakuzika mwaka huu, na mimi sitaki. Kisha akatoka na kitambaa kichwani.

Kamau alivuta kamba. Mimi nilimshika Mama kiunoni. Katikati gogo likatugonga ubavuni. Plastiki ikabonyea ndani, nikaona tumekwisha. Ikarudi ilivyokuwa. Maji yalituingia hadi vifundoni. Mama aliniumiza goti kwa kulishika. Tulipofika nilitapika kando ya teksi iliyokuwa ikitungoja.

Damu imesafishwa. Tumerudi kwa kamba ile ile. Mikono ya Kamau imechubuka vibaya. Nimempaka mafuta, nikamwambia asante. Sijui mara ya mwisho nilimwambia lini.

Alhamisi, 4 Aprili
Jua kidogo. Nimeanika blanketi. Kuku wametaga. Kesho ni siku ya hospitali tena.

Kila mara mimi ndiye humvuta Mama kwenda hospitali, kama mtoto asiyetaka shule. Leo alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kesho tunatoka saa ngapi?"

Saa kumi na mbili, nikamwambia. Akasema nimwamshe mapema, anataka kuoga kwanza.