Bwana Mgongo

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na unameza dawa zote, si zile tamu peke yake. Shangazi naye msalimie. Mimi mzima, ila shingo inauma kwa kuinama juu ya meza kutwa.

Nina habari. Maktaba wamenikabidhi maonyesho ya katuni za Kimulimuli. Gazeti lenu lilipofungwa, maboksi yote yaliletwa huku, na sasa yako ofisini kwangu: kurasa zenyewe za penseli na wino, miaka ishirini ya shujaa wetu mwenye taa kifuani. Nilizigusa kwa glavu nikalia kidogo. Ungenicheka.

Nimewapanga wachoraji wake kwa jinsi ninavyowapenda, nawe unibishie. Wa kwanza ni Mzee Rula. Kwake unaweza kuhesabu madirisha ya kila ghorofa, na Kimulimuli akianguka unajua ataangukia dirisha lipi. Wa pili ni Binti Wino, ambaye mvua yake inalowesha kidole. Wa tatu ni Bwana Misuli, nampenda kwa kumcheka, maana shujaa wake ana misuli mpaka masikioni. Wa mwisho kabisa, na hapa hatubishani, ni Bwana Mgongo. Unakumbuka tulivyombatiza shuleni? Toleo la 41 hadi la 58. Kimulimuli anaokoa watu matoleo kumi na manane na hatuoni uso wake hata mara moja. Ama amegeuka, ama ameinama, ama amejifunika kwa mkono.

Daftari la wachoraji limeandika "hajulikani". Wewe uliyeandika maneno kwenye viputo vya gazeti lile miaka yote, lazima unamjua. Ni nani? Nataka kumpa ukuta wake peke yake, watu waone uvivu ulivyo.

Binti yako


17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Shangazi yako ananihesabia vidonge kama askari jela. Umefanya vizuri kuandika, simu siku hizi nasikia mvumo tu.

Orodha yako imepinda. Binti Wino ndiye wa kwanza. Rula alichora nyumba vizuri kwa sababu aliogopa watu. Mtazame mtu wake akicheka, utadhani anaumwa jino. Binti Wino alikuwa anakaa dirishani nusu saa akitazama mtu mmoja anavyofunga kamba za viatu, halafu anarudi mezani. Misuli ni kweli unayosema. Mwenyewe alikuwa mwembamba kama kijiti.

Huyo mwingine mwache. Siku zile wengi walishika penseli kwa muda, mwenye kazi akiugua. Ukuta mpe mtu anayestahili.

Unakula vizuri?

Baba yako


2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakula, nalala, usiwe na wasiwasi. Wewe je? Barua yako ilikuwa fupi na mwandiko umelegea kidogo, sijauzoea hivyo.

Sitamwacha Bwana Mgongo, kwa sababu nimepata silaha. Katika toleo la 58, ukurasa wa wasomaji, ipo barua yangu. Nilikuwa nimeisahau kabisa. "Ndugu Mhariri, mchoraji huyu hajui kuchora uso. Tafadhali aondolewe. Msomaji wa miaka tisa." Na toleo la 59, Mzee Rula huyo anarudi. Nilimfukuza mtu kazi kabla sijaota meno yote. Siku ile uliniletea gazeti likiwa bado linanuka wino, ukanibeba begani mpaka dukani ili nimwonyeshe kila mtu.

Nitaikuza barua ile iwe kubwa kama mlango na kuitundika kando ya kurasa zake.

Sikuwa mtoto mbaya, Baba. Mwaka ule Mama alikuwa amefariki, na kila Ijumaa nilifungua gazeti nikitaka uso mmoja tu uniangalie. Na yule mtu kila Ijumaa alinipa mgongo.

Sasa niambie jina lake.

Binti yako


29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujajibu, na Shangazi ananiambia hujambo ila huongei sana.

Jana niliweka ukurasa wa toleo la 47 juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake. Taa ile inaonyesha kila kilichofichwa kwenye karatasi. Kurasa za Mzee Rula nimezipima zote: anachora ukurasa mzima kwanza, kisha mwandishi anapaka rangi nyeupe juu ya mchoro na kuandika maneno. Penseli ya Rula inapita chini ya kila kiputo. Binti Wino hivyo hivyo, na Misuli.

Kwa Bwana Mgongo hakuna kitu chini ya viputo. Mstari wa penseli unafika kwenye ukingo wa kiputo na kusimama, kama mtu aliyefika mlangoni akapiga hodi. Maneno yaliandikwa kwanza, picha ikazungushiwa baadaye. Kurasa zote za matoleo kumi na manane.

Nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kufunga. Ni mchoraji gani anayeanza na maneno?

Baba, ni wewe?

Binti yako


14 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako wiki mbili.

Ni mimi. Rula aliugua mapafu, mhariri akaniuliza kama naweza kumshikia nafasi, tena kimyakimya, wasomaji wasijue. Nilikuwa nimetamani kazi ile tangu ujana. Ilikuja mwezi mmoja baada ya kumzika mama yako.

Uso niliweza. Nilichora nyuso nyingi mezani pale. Kila nilipoanza, kwa jicho au kwa kidevu, alitokea yeye. Nikafuta, akatokea tena. Niliogopa utafungua gazeti siku ya Ijumaa umwone mama yako anaruka juu ya mapaa, nami sikujua ningekuambia nini. Basi nikamgeuza.

Ukurasa wa wasomaji nao ulikuwa kazi yangu. Nilichagua barua na kuzinakili kwa mkono wangu kabla ya kuchapwa. Yako niliijua kabla sijaisoma, mwandiko ule nilikufundisha mwenyewe. Ningeweza kuitia mfukoni. Lakini kila Ijumaa ulikuwa unakimbilia ukurasa ule kwanza ukitafuta barua yako, huioni, unafunga gazeti taratibu na kusema labda wiki ijayo. Sikuweza kukuona ukifanya hivyo tena.

Mhariri aliisoma akasema, hata watoto wameona. Nikarudi kwenye viputo vyangu.

Sikuandika haya ili ulie. Siku ile ya dukani nilikuwa na furaha kweli. Amini hivyo.

Baba yako


22 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Nimeandika barua hii mara saba na zote zilikuwa za kuomba msamaha. Unanijua, ningekuandikia kurasa kumi za kujichapa. Nitaomba kitu kimoja badala yake. Nichoree ukurasa mmoja, na safari hii usimgeuze.

Mama hakupenda kamera. Nina ile picha yake ya kitambulisho tu, ambamo ameogopa hata kupumua. Sijamwona kwa miaka ishirini na moja.

Usijichoshe. Maonyesho yanafunguliwa tarehe 20 Juni, na tarehe 21 napanda basi kuja kwako. Hata kama ni jicho moja tu, nitalichukua.

Binti yako


8 Juni

Mwanangu,

Mkono umechoka kwa hiyo sisemi mengi. Shangazi yako ananishikia karatasi. Uso ulikataa mara nne, mara ya tano akaja mwenyewe.

Kiputo nimekichora kwanza, kama kawaida yangu. Maneno sikuandika. Andika wewe.

Baba yako


23 Juni

Baba,

Sijui nianzie wapi, maana habari za kifua siwezi kuuliza tena. Shangazi alipopiga simu nilikuja na basi la kwanza, nikafika kukuzika tu. Bahasha yako ilikuwa inanisubiri huku niliporudi. Tulipishana njiani.

Niliposema nitakuja tarehe 21, nilikuwa nakupangia muda kama vile ni wangu.

Ukurasa wako uko ukutani. Shangazi alikuja kwenye ufunguzi, akausogelea, akashika mdomo. Akasema, "Huyu ni wifi yangu." Kisha akaomba kiti.

Barua yangu ya utotoni nimeiacha pale kando, ndogo vilevile ilivyochapwa. Nimegundua kwamba ni mwandiko wako. Ulisahihisha hata makosa yangu. Na kibao cha chini nimekibadilisha: "Toleo la 41 hadi la 58. Mchoraji: baba yangu." Mkuu wa maktaba alisema si utaratibu. Nikamwambia najua.

Kiputo bado kitupu. Umeacha nafasi ya maneno matatu, manne nikibana. Kila asubuhi kabla ya milango kufunguliwa nasimama pale na penseli, na kila asubuhi nairudisha mfukoni.

Ananiangalia, Baba.

Msomaji wa miaka tisa