Kule Mlimani Nilikokuacha

Mfaume, mtani wangu mbaya,

Ni mie Maganga. Najua huko uliko posta hawafiki, na hata wangefika usingenijibu, maana ulipokuwa hai barua zako zilikuwaga mistari miwili na salamu. Mie nakuandikia ndefu. Unajua mwenyewe, mie sina kitu kifupi isipokuwa shule.

Nipo kwa dada yangu hapa Tandika, nimemfukuza mezani na unga wake wa chapati ili nipate pa kuandikia. Kaniuliza namwandikia nani, nikamwambia Mfaume. Kanitazama muda mrefu, halafu kachukua unga wake kaenda nao uani. Nadhani anahisi akili zangu zimebaki Ulaya.

Habari za huku ni nyingi. Baa ya njiapanda wameleta televisheni, watu wanakaa na soda moja kuanzia saa kumi mpaka wanafukuzwa. Mitumba imejaa mpaka mbele ya msikiti. Juzi nimeona viatu vya kupandia milima, vizito, vya kamba ndefu, muuzaji anasema ni vya wanajeshi. Nikamsahihisha. Nikamweleza ngozi yake, soli yake, na namna ya kufunga kamba ili kidole kisiumie ukishuka. Watu wakajaa. Unanijua nikijaziwa watu. Nikawapeleka mpaka Malaga kule Hispania, nikawarudisha kwa meli, wengine wakasahau walichofuata sokoni.

Siku hizi kila aliyezamia meli akarudi ni bingwa. Kuna mmoja hapa mtaani anasema theluji ina ladha ya chumvi. Nikamuuliza uliila wapi, akasema Ujerumani. Nikamwambia braza, theluji ni kama ile barafu inayoganda pembeni ya friji, haina ladha ya kitu chochote. Watu wakamcheka. Kwa hiyo mtaa mzima umekubali kwamba mwenye Ulaya ni Maganga. Lakini Mfaume, kuna hadithi moja nilikuwa naisimulia nusu. Ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Wewe unajua mie ni mtu wa shaka. Mtu akinisalimia mara mbili najiuliza ile ya pili ni ya nini. Na Hispania ilinizidisha. Hatuna karatasi, hatuna ndugu, tunalala kwenye banda la yule mzee tuliyekuwa tunamwokotea zile njugu zake, zile zenye maganda ya miiba kama nungunungu. Wenzetu walishatuambia msimu ukiisha kuna wenye mashamba wanaowaita polisi waje kuwazoa watu. Mie hilo nililishika. Na msimu ulikuwa unaisha.

Halafu Jumapili ile yule mzee anatuambia leo hakuna kazi, twendeni mlimani nikawaonyeshe mbuzi wanavyopigana. Nikajiuliza, mzungu gani anampandisha kibarua wake mlimani kutazama mbuzi? Wewe ukafurahi. Furaha yako nayo nikaitilia shaka.

Nisiwe mwongo, mlima ulikuwa mzuri. Kule mwezi huo miti inavua nguo, lakini kabla haijavua inabadilisha rangi kwanza. Bondeni manjano ya bizari, juu kidogo nyekundu ya pilipili iliyoiva, na kule kileleni mawe matupu na theluji kidogo kama chumvi iliyomwagika. Tunapita kando ya mfereji wa maji, majani yanaelea, hewa inanukia dawa ya mafua. Pale nguruwe pori walipokuwa wamefukua chini ya miti, mzee akatuonyesha kwato zao kwenye tope, na wewe ukakunja suruali mpaka magotini ukaruka kama unavuka mtaro wa Vingunguti. Mzee wa watu hakuelewa. Mie nilicheka mpaka nikashika mti.

Tulipotoka msituni ndipo ukaanza mambo yako. Unatembea hatua thelathini, unasimama. "Maganga, tazama tumbusi." Natazama. Kweli, wakubwa, mwewe wa pale machinjioni ni vifaranga mbele yao, bawa moja unaanikia nguo za familia nzima. Tunaenda tena kidogo, unasimama. "Maganga, tazama mbweha." Simwoni mbweha. "Kaingia kwenye mawe." Tunaenda, unasimama. "Maganga, tazama lile jani." Jani, Mfaume. Mtu mzima wa Mbagala anasimama kutazama jani.

Na kila ukisimama, mzee anakurudia. Anakushika bega, anakuuliza kitu kwa sauti ya chini. Unatikisa kichwa. Anageuka kunitazama mie. Nikawa najifanya nafunga kamba za viatu, masikio yapo kwenu. Kihispania changu kilikuwa cha kutongozea na kuombea maji, hicho chenu cha kunong'ona sikukipata. Baadaye akakupa fimbo yake. Nikajiuliza, tangu lini bosi anampa kibarua fimbo yake? Huyu keshapandishwa cheo. Kauza mtu. Na mtu wa kuuzwa hapa ni nani kama si mie?

Wale mbuzi tuliwakuta, tena wengi. Dume pembe zimepinda kwenda nyuma kama majambia mawili, limesimama kwenye jiwe ambalo mie nisingethubutu kuweka hata kikombe. Likainuka kwa miguu ya nyuma, na mwenzake akainuka, wakagongana, mlio kama mbao imeanguka kwenye sakafu tupu. Mzee kafurahi kama aliwafuga yeye. Wewe umekaa chini, mkono kifuani, unatabasamu. Mie nakutazama wewe.

Kule juu kabisa tukaona upande wa pili. Kijiji cheupe, nyumba ndogo kama vipande vya sukari, na moja ina bendera. Mzee akainyooshea kidole ile ya bendera, akakutazama. Wewe ukanitazama mie, ukashusha macho. Halafu ukasema, "Maganga, leo tushukie upande ule."

Basi kwangu ikawa imekwisha. Mie mtu niliyepita bandari sita najua kwamba jengo lenye bendera ni polisi. Nikasema nakwenda haja. Nikapita nyuma ya mwamba, na baada ya mwamba nikakimbia, nikashuka kule tulikotoka, mbuzi wananikwepa, mawe yanaporomoka na mie. Nikakusikia unaita. "Maganga." Mara moja tu. Na nikajiambia, mtu msafi angeita tena.

Hatukuonana tena, mie na wewe. Nikaenda mji mwingine, nikapata meli nyingine. Kila bandari nikiulizwa habari zako nasema yule bwana, tumuache tu. Nikarudi Dar, nikasikia ulikwisharudi siku nyingi, umejenga vyumba viwili Goba, unaishi na mama yako. Nimekaa Tandika miezi miwili sijaja kukuamkia. Miwili, Mfaume. Nilikuwa nangoja wewe ndiye uje kujieleza. Walipoleta habari ya msiba nikasema nina safari ya Tabora. Sikuwa na safari yoyote. Siku unazikwa nilikuwa hapa hapa, nimejifungia, namsikiliza dada akitwanga.

Lakini arobaini nilikuja. Mnyamwezi hawezi kukosa yote mawili kwa Mzaramo, watu wangeuliza. Na nilikuja kiutani haswa. Nimeingia na kofia yako niliyoinyakua kwenye msumari, nikakalia kiti cha mwenye msiba, nikasema sitoki mpaka niletewe kuku, kwa sababu marehemu alikuwa mchoyo na leo hayupo wa kunizuia. Wajomba zako wakanitukana vizuri sana. Nikanyanyuka nikawaigizia ulivyokuwa unapanda mlima. Hatua chache, nasimama, "Maganga, tazama tumbusi." Hatua chache, "Maganga, tazama jani." Wamecheka mpaka mashehe. Mama yako kaficha uso kwenye kanga, mabega yanatikisika. Nikamaliza kwa kusema tukashuka pamoja, tukachoma njugu, tukala. Watu wakapiga makofi.

Mama akaniita uani. Nikamwamkia tena, maana macho yake yalikuwa hayacheki. Akaniuliza, "Mtani, alikuwa anasimama hivyo kweli, au umeongeza chumvi?"

Nikasema, "Kweli, mama. Tena nimepunguza."

Akasema, "Na hapa alikuwa hivyo hivyo. Kutoka barabarani mpaka kufika nyumbani, kilima hiki, anasimama mara nne. Mama, tazama kunguru. Mama, tazama yule mbuzi wa jirani. Mie namtazama yeye, midomo imekuwa ya bluu. Moyo ule alizaliwa nao, mwanangu. Hakutaka mtu ajue. Alisema wakijua hawatamchukua popote."

Nilishika nguzo ya jiko.

Akaendelea, taratibu, kama anachambua mchele. "Yule mzungu aligundua. Siku hiyo ya mlima alimpeleka zahanati, kijiji cha upande wa pili. Wakamlaza wiki mbili."

Zahanati. Ina bendera kwa sababu ni ya serikali. Mie na bandari zangu sita.

Halafu akasema, "Ila yeye aliniambia wewe ulitangulia kutafuta gari la kumbeba. Na leo umesema mlishuka pamoja."

Mfaume, ningeweza kusema pale pale. Mama yako alikuwa ameniachia nafasi kubwa ya kupita. Nikasema, "Ndiyo, mama, nilitangulia kidogo. Pamoja, ila nilitangulia." Akasema haya. Akarudi kwa wageni.

Kuanzia siku ile sikulala vizuri. Nikawa nakwenda Goba kila Ijumaa. Napeleka sukari, nachota maji, nimeziba bati lililokuwa linavuja juu ya kitanda chako. Jirani wanasema Maganga ana moyo. Na kila Ijumaa, nikishakunywa chai, mama anasema, "Hebu nisimulie tena ule mlima." Namsimulia. Mbuzi, tumbusi, theluji. Tukifika kileleni nakohoa, naangalia saa, nasema nitachelewa. Yeye anakunja mkeka. Nikaanza kumtilia shaka. Kwa nini anauliza kila wiki? Kwa nini haulizi gari lilipatikana au halikupatikana? Kwa nini chai yangu siku hizi inakuja kwenye kikombe chako? Nikawaza labda amesikia kitu. Nikawaza labda uliacha barua. Yaani nilikuwa nimekaa kwa mama wa watu, nimekunywa chai yake, nampeleleza kwa jicho la pembeni kama nilivyokupeleleza wewe.

Ijumaa iliyopita nimefika, sukari mkononi, sijaketi. Nikasema, "Shikamoo mama. Sikutangulia kutafuta gari. Nilimkimbia. Nilidhani ananiuza kwa polisi. Akaniita, sikugeuka."

Nikabaki nimesimama. Alikuwa anachagua dagaa kwenye ungo. Akamalizia aliokuwa nao mkononi.

"Gari," akasema. "Gari la wapi kwenye mawe? Mtoto yule tangu mdogo hajui kudanganya. Nilijua siku aliponiambia. Nikajua tena siku ya arobaini. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamwambia, "Mama, nitukane basi."

Akasema, "Wajomba zake walishakutukana, na ulifurahi." Akasogea akanipa nafasi kwenye mkeka. "Kaa. Sasa ndiyo umekuja msibani."

Nikakaa. Akalia, mara ya kwanza mbele yangu, na mie nikalia kwa sauti, vibaya, kama mtu anayekoroma. Jirani alichungulia juu ya ua, akarudi zake.

Kitu kimoja kinanisumbua, nikuambie wewe maana hakuna mwingine. Uliniita mara moja. Mie nilihesabu ile mara moja kama ushahidi dhidi yako. Kumbe pumzi ilikuwa ya mara moja tu, na uliitumia kwa jina langu.

Na shaka nyingine ninayo, hii haitatoka. Mama anasema ulinisitiri. Huenda. Lakini mie nakujua, ulikuwa mtu wa kuamini watu. Je, kama uliamini kweli? Kama ulikaa pale kwenye jiwe, mkono kifuani, unamwambia yule mzee ngoja kidogo, Maganga ameona nimechoka, ameenda kutafuta gari? Nakuomba iwe ulinisitiri. Hiyo naweza kuibeba. Ile nyingine sijui.

Na kwa nini hukuniambia, mtani? Labda nawe ulinitilia shaka. Labda ulijua nikisikia moyo mbovu nitakuona mzigo nikuache. Siwezi kukulaumu. Nilikuacha bila hata kuambiwa.

Wino unafifia na dada anataka meza yake. Nakuahidi hivi. Jumamosi nakwenda pale njiapanda, wataniomba Ulaya kama kawaida. Nitawapa ule mlima mzima, na safari hii nitafika mpaka pale uliponiita, na nitawaambia nani alikimbia. Wakinivua ubingwa, yule wa theluji ya chumvi auchukue. Na Ijumaa nitakuwa kwa mama.

Mungu akupe nafasi pana, Mfaume, na hewa ya kukutosha.

Mimi mtani wako,
Maganga