Bamvua la Chepstow

Jumatatu, 28 Julai

Mapokezi ya kliniki tangu saa mbili. Simu hazikunyamaza. Chakula cha mchana nimekula wima. Nimerudi Queensbury, nimevua viatu, nimekaa kwenye ngazi dakika kumi bila ya kufanya lolote.

Kisha kikao cha chama chetu cha kina mama wa kwetu, kwa simu. Safari ya mwaka. Bi Saada, mwenyekiti wetu, keshaamua: Brighton, pwani. Kila mwaka Brighton. Nikasema hapana, mwaka huu twende Wales tukaangalie mto. Halafu kicheko. Bi Saada akauliza, mto una nini cha kuangaliwa? Nikamwambia, una mwanangu.

Nasra huu mwaka wa tatu anafanya kazi kwenye Mto Wye. Anaishi Monmouth, mji mdogo ambapo mito miwili inakutana. Anachota maji, anayapima, anaandika mto unaumwa wapi na unapona wapi. Huku wanasema kasoma digrii mbili akaenda kupima matope. Wanadhani sisikii. Nasikia yote.

Tumepiga kura. Nimeshinda, kwa taabu. Jumamosi ya tarehe tisa, Chepstow, mji wa mwisho kabla mto haujaingia baharini. Nataka wamuone mwanangu. Nataka wamheshimu. Hilo tu.

Jumatano, 30 Julai

Nasra kapiga. Yeye Kiingereza, mie Kiswahili, ndivyo tunavyoishi. Kafurahi, halafu kaogopa. Akataka kunitumia saa za maji kujaa na kupwa, maana bahari inapanda ndani ya mto mpaka pale. Nikamkatiza. Mie mtoto wa Pemba. Tarehe tisa mwezi utakuwa mpevu, bamvua hilo, maji makubwa kuliko siku zote za mwezi. Siku kama hiyo kwetu asubuhi maji yamekwenda zake, na saa kumi alasiri yamejaa pomoni. Tutafika saa saba, tule, yatukute yanapanda. Leo nifundishwe maji na simu? Sikio halipiti kichwa, nikamwambia. Akacheka kidogo, akaacha.

Najua nimeringa. Kuna mambo mtu ana haki ya kuyaringia.

Jumamosi, 2 Agosti

Edgware Road, chai kwa kina Bi Saada. Mwanawe daktari wa meno, hilo tumelisikia tena. Kisha akanigeukia mbele ya wageni kutoka Maskati: na Nasra, bado yumo mtoni? Hajapata kazi ya ofisini? Wakacheka kwa adabu. Kucheka kwa adabu ndiko kubaya zaidi.

Nimekasirika. Nimerudi nyumbani nikaandika kwenye kundi letu la simu, kwa herufi kubwa: JUMAMOSI MTAONA MTO AMBAO HAMJAPATA KUUONA.

Sasa nishasema. Hakuna kurudi.

Ijumaa, 8 Agosti

Katlesi. Sambusa. Pilau la asubuhi liko tayari kutiwa motoni. Mgongo unaniuma.

Mwezi umetoka mkubwa juu ya paa la jirani. Mzuri, mashallah.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika yote kabla hayajanipotea.

Basi limeondoka saa nne. Nyimbo njia nzima, Bi Saada kiti cha mbele na miwani ya jua. Tukafika daraja kubwa la Mto Severn, lile linaloingia Wales. Nikatazama chini. Matope. Matope mpaka upeo wa macho, na maji membamba yamejikunyata katikati. Saa saba mchana, mwezi mpevu! Nikajiambia, huu ni Severn, Wye mwengine. Nikajidanganya mpaka basi liliposimama.

Mji mzuri, sitaki kuudhulumu. Ngome ya mawe juu ya jabali, daraja la chuma la zamani lililopakwa rangi nyeupe, nyumba zimepanda kilima. Na chini ya vyote hivyo, shimo. Kingo mbili za matope ya kahawia, ndefu kama nyumba ya ghorofa, na kijito chini kabisa. Boti limelala ubavu. Ndani ya matope hayo, mtu mmoja na suruali ya mpira mpaka kifuani, fimbo mkononi, kachafuka mpaka shingoni.

Mwanangu.

Bi Saada akavua miwani. Huyo ndiye Nasra? Kisha akanigeukia. Bi Raya, na mto wenyewe uko wapi? Wakaangua kicheko, safari hii bila ya adabu. Hata Bi Mkubwa Fatma, aliyenipigia kura, kajiziba mdomo kwa mtandio. Hesabu yangu ilikuwa ya Pemba. Nilipeleka saa za Pemba Wales, ziko wapi na wapi! Mdharau mwiba mguu huota tende. Wamekuja kumcheka mwanangu, na aliyewaleta ni mie.

Nasra akapanda ngazi za ukingoni. Akavua glavu, akafuta mikono, akawaamkia wakubwa mmoja mmoja, akawabusu mikono. Alikisikia kile kicheko, nilimuona usoni. Halafu akasema kwa Kiswahili. Sijamsikia kusema Kiswahili mbele za watu tangu yuko skuli.

Alisema: Mama kawaleta saa hizi makusudi. Alitaka muone tupu kwanza. Maji inakuja.

"Maji inakuja." Hakuna aliyemsahihisha. Mimi hakunitazama.

Akaichomeka fimbo kwenye matope, nusu ya ukingo, akatwambia tule, tusali, turudi kuiangalia. Tukala. Tukasali adhuhuri na alasiri pamoja kwenye majani. Akenda kumuomba dereva aongeze saa moja. Halafu akatueleza mto. Unaanza kwenye kinamasi juu ya milima katikati ya Wales, unaweza kuuruka kwa hatua moja. Unashuka kwenye mabonde ya kondoo, unapita miji ya Rhayader, Builth, Hay. Kautembea wote kwa miguu. Anajua wapi samaki wanataga na wapi mwani unawakaba. Alikosa maneno, akachukua ya Kiingereza, akarudi. Bi Mkubwa Fatma alimuuliza maswali sita. Nilihesabu.

Saa tisa na nusu mtu akapiga kelele. Kijito kilikuwa kimesimama. Kisha kikaanza kurudi nyuma. Wallahi, mto ulikuwa unapanda kilima! Rangi ya kahawa, mapovu mbele, matawi yanakwenda mbio kuelekea milimani. Boti likanyanyua kichwa. Maji yakaifika fimbo, yakaila nusu, yakaimeza. Watu wazima tukawa tunapiga makofi ovyo ovyo. Bi Mkubwa Fatma akaita, bamvua! Na Nasra akaitikia, ndiyo Bibi, bamvua, huku maji yanaweza kupanda mita kumi na mbili na zaidi. Hilo neno kumbe analijua. Nilimwambia alipokuwa mdogo, nikidhani hasikii.

Saa kumi na moja tulipopanda basi shimo lilikuwa mto, mpana, umejaa nguvu. Bi Saada alimshika Nasra mkono muda mrefu.

Mie nilimkumbatia na matope yake yote. Koti langu jeupe. Halijalishi.

Jumapili, 10 Agosti

Simu tangu asubuhi. Wananisifu mie. Bi Raya kwa akili, kupanga saa namna ile! Sifa ya kwanza nimeipokea. Ya pili pia. Ya tatu nimeshindwa kuipokea.

Nimempigia Nasra, nikamuuliza kwa nini. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu: mimi nimezoea kuchekwa, Mama, wewe hujazoea.

Kanisitiri. Nilimpelekea watu wamheshimu, akaichukua heshima akanivika mie.

Jumatano, 13 Agosti

Kazi. Mvua. Sina raha. Sifa isiyo yangu inaniwasha kama sweta la sufu.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo khitma nyumbani kwa Bi Saada. Baada ya dua, chai ilipokuwa inapita, nikawaomba wanisikilize. Nikasema saa nilikosea mie. Mtoto alitaka kunambia, nikamfunga mdomo. Yale aliyoyasema ukingoni kayatunga pale pale, baada ya kusikia anavyochekwa, ili mamake asiaibike mbele yenu. Basi msinisifu mie.

Bi Saada akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Basi Bi Raya," akasema, "umezaa."

Kwetu hakuna sifa ya mzazi kubwa kuliko hiyo. Bi Mkubwa Fatma alinisogezea visheti.

Kwenye treni ya kurudi nikamwandikia Nasra: Bi Saada kasema nimezaa. Akajibu baada ya dakika mbili: lakini Mama, si ulizaa zamani?

Nimecheka peke yangu mpaka Queensbury.