Nusu ya Uwanja wa Bi Zuwena

Hatta, Dubai, Ijumaa asubuhi

Dada Sikudhani,

Shikamoo. Najua barua hii itakukuta jikoni, kwa hiyo kwanza epua karai la maandazi, kisha ukae. Mimi ni mzima. Kile kidole nilichokiunguza kimepona, ukucha umeota tena ingawa umeota umepinda. Mguu wako je? Na Mama bado anazikataa miwani? Wafula, Mkenya ninayelala naye chumba kimoja, anasema mama yake naye alizikataa mpaka siku alipowawekea wageni chumvi kwenye chai. Mpe Mama habari hiyo, huenda ikamsaidia.

Kwenye simu kadi huisha hatujamaliza hata kusalimiana, ndiyo maana leo nimekaa niandike. Tena nina jambo ambalo katika ukoo wetu ni wewe tu utakayelielewa, kwa sababu ni la mpira. Wengine watasema Shabani amepigwa na jua la Uarabuni.

Nilikwambia kampuni ilitutoa kwenye maghorofa ya Al Jaddaf ikatupeleka kukarabati uwanja wa klabu moja ya mpira. Uwanja wenyewe si mkuukuu, dada. Una taa kubwa, nyasi kama zulia, vyumba vya wachezaji vina viyoyozi. Ungekuwa wetu pale Tabora tungeufunga kwa kufuli usichafuke. Lakini wenyewe walitaka paa upande wa magharibi, viti vya plastiki kila mahali, na jukwaa jipya upande wa mashariki, ambako palikuwa na ukuta mtupu na pengo pana la kupitishia magari. Mechi zilikuwa zinaendelea, kwa hiyo siku ya mchezo tulikusanya vyuma vyetu, tukakaa pembeni kungoja kama kuna kitu kitalegea.

Nilidhani mashabiki watafurahi. Wako waliofurahi, hasa wazee wenye migongo mibovu na akina baba wenye watoto. Lakini nyuma ya goli la kusini kulikuwa na ngazi za zege, na hapo ndipo mahali pa watu wa ngoma. Kiongozi wao ni Khalfan, jitu zima la miraba minne. Huja na kanzu nyeupe ya ofisini, anavua makubadhi, anapiga ngoma mpaka kanzu inamganda mgongoni. Siku tulipokuwa tunafunga viti kwenye zege lile alikuja na wenzake. Akaniuliza kwa Kiswahili, cha kubahatisha lakini Kiswahili:

"Viti vya nini?"

"Vya kukalia."

"Nani kakwambia sisi tunakaa?"

Akajibana kwenye kiti kimoja, akapakata ngoma. Magoti yalifika kidevuni na mkono haukupata pa kupigia. "Umeona?" akasema. Nikainamia kiti kilichofuata. Mimi kazi yangu ni kuchomelea.

Kiswahili alikipata wapi, nilikuja kujua baadaye. Kila siku ya mechi gari moja la kijivu lilikuja upande wa mashariki, likaegeshwa likitazama lile pengo. Ndani alikaa mama mmoja aliyepita makamo, na buibui lake, kioo kimeshushwa, dereva amelala kwenye usukani. Nilifikiri anamngoja mtu. Siku moja mimi na Wafula tulikuwa kwenye kivuli cha ukuta tunakula, tunabishana kuhusu goli lililokataliwa. Sauti ikatoka garini:

"Hakuotea yule. Beki wa kushoto kachelewa kutoka."

Wafula akaacha kutafuna.

Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tabora. "Ah, bara," akasema. "Mimi wa Unguja. Tuliondoka na wazee wangu ningali mwari. Usinicheke, maneno yangu ya zamani." Huyo ndiye Bi Zuwena, na Khalfan ni mwanawe. Marehemu mumewe aliichezea klabu hii enzi za uwanja wa mchanga. Wanawake hawakukaa majukwaani na wanaume, basi mume alikuwa akimleta na gari, anamwegeshea pale kwenye pengo, kisha anakwenda kuvaa jezi. Mume alikufa, uwanja ukajengwa upya, lakini pengo lilibaki na yeye aliendelea kuja.

Kutoka pale, dada, unaona goli la kaskazini na nusu ya uwanja. Nusu nyingine imekingwa na ukuta. Nikamuuliza anafuataje mchezo.

"Huko kwengine nasikiliza ngoma," akasema. "Zikipanda, twashambulia. Zikinyamaza ghafla, tushafungwa."

Tangu siku hiyo nilikuwa nikimsalimia kila mechi. Alinieleza mabeki wa miaka yote kama wewe unavyoeleza wakwe zako.

Halafu ikaja amri. Msimamizi wetu anaitwa Mathew, Mhindi wa Kerala, si mbaya, ila hana muda. Akanionyesha lile pengo. "Shabani, yalla, haraka, lifungwe kwa mabati kabla ya mechi."

Nikamwomba tusubiri mechi ipite. Akauliza kwa nini. Nikamweleza habari za yule mama. Akavua helmeti, akajikuna kichwa, akasema mama yake pia hupenda mambo mengi, lakini mkaguzi anakuja kesho na uwanja hauwezi kuwa na tundu. "Khalas, basi. Funga."

Nikafunga. Nilichomelea kazi nzuri, siwezi kukudanganya, maana mkono haujui kufanya vibaya kwa makusudi.

Siku ya mechi gari likaja, likaegeshwa palepale, likitazama bati. Nikatamani nijifiche, lakini nikaenda.

"Ni weye uliyefunga?"

"Ndiyo, bibi."

Akalitazama bati kwa muda. "Umefunga kweli. Hata sisimizi hapiti."

Hakuondoka. Alikaa na kioo wazi akisikiliza. Nikaona aibu kusimama chini kama mlingoti, nikapanda ngazi za jukwaa jipya, ambalo lilikuwa bado vyuma vitupu, nikaanza kumtangazia kutoka juu. Unavyonijua, mimi si mtangazaji. Nikasema anakimbia, anakimbia, amempa mwenzake. Akanikata.

"Wote wanakimbia, mwanangu. Mpira ana kwa mguu gani? Na winga wa kulia yuko wapi?"

Mpaka mapumziko jasho lilinitoka kuliko siku ya kazi. Wafula alinipokea kipindi cha pili, naye akashutumiwa kwa kuchanganya Kiingereza.

Mchezo ulipokwisha nikashuka, nikamwambia neno nililokuwa nalo tangu asubuhi. Kwenye michoro ya jukwaa lile, sehemu ya juu yenye mlango wake na ngazi zake imeandikwa ya familia. Wanawake wataingia.

"Familia za nani?"

"Zenu, bibi."

Khalfan alikuwa amefika kumsalimia mama yake, ngoma iko begani, akasikia. Akasema haiwezekani, watu watamtazama.

"Miaka yote watu wanatazama mpira," Bi Zuwena akasema, "leo ndiyo watanitazama miye?"

"Baba asingekubali."

"Baba yako ndiye aliyenileta hapa." Kisha akasema polepole, na sauti yake haikupanda hata kidogo: "Weye wataka ngazi zako zibaki vilevile, na miye nibaki nje vilevile. Basi mtu wa kubadilika ni nani, Khalfan?"

Khalfan alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechora ramani, akaondoka.

Yeye na wenzake walikuwa wameshakwenda kwa viongozi wa klabu kulalamikia viti. Safari moja waliingia na ngoma ofisini, wakapiga mlemle ndani mpaka wakasikilizwa. Mwishowe amri ikatoka: safu za nyuma ya goli la kusini ziachwe zege. Tukafungua viti tulivyofunga wenyewe. Mathew alisema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa na nashukuru. Wafula akasema, "Sasa Khalfan amepewa zake, atamnyimaje mamake?" Na kweli, Khalfan hakulipinga tena lile la mama yake.

Mechi ya kufungulia jukwaa nilipangwa zamu, niangalie vyuma vya ngazi watu wakipanda. Bi Zuwena alikuja na wakwe zake wawili wa kike kutoka mtaa wa Al Warqa. Alipanda huku akipumzika, mkono kwenye chuma nilichochomelea mimi, akakaa kiti cha mwisho karibu na nilipokuwa nimesimama. Mpira ukaanza. Hakuutazama. Alikuwa anatazama goli la kusini, na zege lile, na mwanawe aliyeonekana mdogo kama kidole kule chini.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

Akanieleza kwamba goli kubwa kuliko yote aliyofunga mumewe alilifunga upande ule. Yeye alikuwa garini. Alisikia ngoma, akasikia watu wamepagawa, basi. Usiku mume akamuuliza, umeliona? Akamjibu ameliona.

"Ningemwambiaje? Alikuwa anang'ara kama mtoto." Akajifuta jicho kwa pembe ya shungi. "Akanisimulia mara ngapi sijui, na kila mara nikisema ndiyo, ndiyo, niliona."

Kipindi cha kwanza hakupaza sauti. Akaninong'oneza kwamba garini alikuwa akipiga kelele apendavyo, lakini humu kuna watu. Kipindi cha pili timu yake ikasawazisha, kwenye goli la kusini, mbele ya macho yake. Alisimama, akapiga kigelegele kirefu, cha Unguja kabisa. Wanaume wa jukwaa la chini wote wakageuka. Wakwe zake wakafunika nyuso. Kwa kitambo ilikuwa kama mtu amevunja sahani ugenini. Kisha kule kwenye zege nikamwona Khalfan ameinua mkono kuwanyamazisha wenzake. Akasikiliza. Akashusha mkono na ngoma zikaanza upya, na wasichana wa safu ya mbele yetu nao wakajaribu vigelegele, vibaya sana, lakini wakajaribu.

Bi Zuwena akakaa. "Nimeaibisha watu," akasema, lakini hakuonekana kujuta.

Kazi ya uwanja ikaisha, tukahamishiwa Hatta, milimani karibu na mpaka wa Oman, tunajenga nyumba za wageni. Ni pazuri, usiku pana baridi ya kujifunika. Kabla sijaondoka Bi Zuwena aliniambia nikipata nafasi nije mechi, nipite mlango wa familia, niseme mimi ni wake.

Ijumaa iliyopita basi la kampuni lilitupeleka mjini kununua vitu, na jioni kulikuwa na mechi. Nikaoga, nikavaa lile shati ulilonishonea, nikaenda mlango ule. Bawabu akaniuliza familia yangu iko wapi. Nikasema yuko mama mmoja juu, Bi Zuwena. Akanitazama mikono, akatikisa kichwa. Wanaume walio peke yao hawapandi. Sikumlaumu, ndiyo sheria, na wala sheria hiyo hakuitunga yeye. Lakini nakwambia ukweli, dada, nilisimama pale natazama zile ngazi nilizochomelea kipande kwa kipande, nikazihesabu hadi juu.

Nikazunguka mpaka nyuma ya goli la kusini. Pale hakuna anayeuliza wewe ni nani. Khalfan aliniona, akawasukuma watu wawili, nikapata pa kusimama. Akanivalisha ngoma ndogo shingoni. Nikamwambia sijui kuipiga.

"Nani kakuuliza?" akasema. "Mama anasikiliza. Piga."

Nikapiga. Nilikosea mara nyingi, na mwenzangu wa kushoto alikuwa akinigonga kiwiko kunirudisha kwenye mdundo. Viganja vimevimba hadi leo, ndiyo maana mwandiko wangu umelala. Dakika za mwisho walitufunga goli la kizembe, beki wa kushoto tena, na ngoma zote zikanyamaza kwa pamoja. Kwenye basi la kurudi Hatta niliinamisha kichwa. Wafula akaniuliza nina nini, nikamwambia tumefungwa. Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Tumefungwa akina nani, Shabani?"

Nilitafuta jibu njia nzima na sikulipata. Wewe ambaye hulali timu yako ikifungwa, labda utanisaidia.

Msalimie Mama, mwambie namwombea macho. Msalimie shemeji, na mwambie radio yake nitamletea nikija likizo, inshallah. Babu fundi cherehani mpe shikamoo yangu, na Mjomba msukuma mikokoteni pia. Watoto wabusu mmoja mmoja, usimsahau yule mwenye jina langu, nasikia anapiga mashuti ndani ya nyumba. Mwache apige.

Jifunike mguu usipigwe na umande. Nami nakwenda kufua kabla maji hayajakatwa.

Mdogo wako akupendaye,
Shabani