Mama Kimya, Tuliondoka Ulivyotuambia

Mama, mwaka umetimia tangu jioni ile muuguzi alipopita wodini na kusema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Kaka, mkubwa wetu, alianza kumbembeleza atuongezee dakika chache. Wewe ukafumbua macho, ukamkata kauli: "Nendeni. Muuguzi ameshasema." Tukakubusu kwenye paji la uso, tukaondoka. Hatukuwa hata tumefika nyumbani simu ya hospitali ilipoita.

Tangu siku hiyo kuna jambo limetukaa kooni, na leo tunakuambia wewe mwenyewe, wengine nao wasikie. Tulikutii, na imetuuma. Kaka amekuwa akisema tungebisha tu, kwani wangetufanya nini? Baba humjibu, "Na mama yako ungebishana naye?" Tumeogopa mwaka mzima kwamba ulikufa peke yako kwa sababu sisi tulikuwa na adabu.

Adabu yenyewe tuliipata kwako. Kazi yako ya ukarani wa mahakama ilikuwa kuita kesi na kunyamazisha watu, ndipo wakakubandika jina la Mama Kimya. Jina lenyewe halikukufaa hata kidogo. Kanisani hakuna aliyekushinda sauti, na nyumbani ulikuwa ukicheka mpaka jirani anakuja kuuliza kuna nini. Baba akirudi kazini ulitangaza, "Wote simameni!" Tukasimama na vijiko mikononi, naye Baba akaingia kwa maringo, mkate kwapani, akitupa ruhusa ya kukaa.

Unakumbuka alipoletwa hakimu mpya, yule binti uliyemfundisha shule ya Jumapili na kumfuta makamasi? Ulisimama akiingia, ukamwita Mheshimiwa kama ulivyowaita wazee waliomtangulia. Mama mdogo akakutania, "Dada, hata kwa katoto kale unasimama?" Ukamwambia Yesu mwenyewe alipanga foleni mtoni pamoja na wenye dhambi ili abatizwe na Yohana, wala hakumuuliza mtu, "Unanijua mimi ni nani?" Ukaongeza, "Sasa mimi ni nani hata nishindwe kuinuka kwenye kiti?"

Lakini hukuwa mtu wa kuitikia kila kitu. Siku ile mzee wa kanisa alipotaka kumpitisha shemeji yake mbele ya wagonjwa kwenye zahanati ya kanisa, ulimwamkia vizuri, ukamuuliza habari za nyumbani, kisha ukanyoosha mkono: "Foleni inaishia kule, mzee wangu." Akaenda kule. Anasema mpaka leo hajawahi kurudishwa nyuma kwa heshima kiasi kile. Ulikuwa ukituambia kwamba mkubwa naye ana Mkubwa wake, na kwamba kumkumbusha hivyo si kumkosea, mradi usipige kelele.

Sasa mimi, kitinda mimba wako, niseme la harusi yangu, maana hilo nalo lilinikaa muda mrefu. Wewe ndiye uliyekuwa mwalimu wa kwaya, na sheria yake uliiweka mwenyewe: atakayefika baada ya sala ya kufungua anakaa benchi, haimbi. Asubuhi hiyo barabara ilifungwa, na askari akalisimamisha gari la Mjomba ulimokuwa. Mjomba akakusihi umwambie askari kwamba wewe ni mama wa bibi harusi. Ukamjibu, "Anaijua kazi yake, mwache aifanye." Nilikuwa tayari nimesimama mbele na Baba, nageuka kila mara kutafuta sare yako ya buluu ya kwaya. Ulipoingia, sala ilikuwa imekwisha. Msaidizi wako, yule fundi cherehani uliyemfundisha kuongoza, alikukuta mlangoni.

"Mwalimu, umechelewa."

"Ndiyo, mwalimu," ukamwambia, ukaenda kukaa benchi la tatu.

Wakaimba wimbo ulionitungia, wewe ukiwa umekaa na mikono mapajani. Nililia. Watu wakadhani ni furaha, kumbe nilikuwa nimekasirika kweli kweli. Kisha mchungaji akawaomba wote wasimame waimbe pamoja, na kwa hilo hapakuwa na sheria ya kukuzuia. Sauti yako ikatoka benchi la tatu ikajaza kanisa, mpaka mpiga kinanda akageuka kukutazama na vidole vikateleza. Baadaye nilikuuliza, kwa ukali ambao bibi harusi husamehewa, kwa nini hukuivunja sheria yako mwenyewe mara moja tu. Ukasema, "Nikiivunja kwa mwanangu, Jumapili ijayo nitamwambia nini mtoto wa mwenzangu?" Ukanirekebisha shela, ukaniambia niende nikale.

Wiki iliyopita, Mama, yule muuguzi alikuja nyumbani. Alihamishiwa hospitali nyingine siku chache baada ya wewe kuondoka, na aliposikia tangazo la ibada hii ya kukukumbuka akauliza njia mpaka akatupata. Kaka ndiye aliyemfungulia mlango, amekunja uso. Dada wa watu alikaa ukingoni mwa kiti, akasema kuna jambo alitamani tulijue.

Akasema alipomaliza kuwatoa wageni alirudi kukagua vitanda, akakuta pumzi zinakupa shida. Alimwita daktari, akakaa kitandani kwako, akakushika mkono, na hakuuachia mpaka mwisho. Ulikuwa huna maumivu makali. Ulimuuliza, "Wameenda wote?"

"Wote, mama."

"Hata yule mkubwa?"

"Hata yeye."

Akasema ulitabasamu, ukafumba macho, ukasema, "Wale ni wangu."

Kaka alitoka nje akalia kama mtoto, na Baba akamfuata. Waliporudi, Kaka alimuuliza yule dada kama anakunywa chai na sukari au bila sukari, akamtengenezea mwenyewe. Mama, hukuwa peke yako. Aliyetutoa ndiye aliyebaki nawe. Tunamshukuru Mungu kwa mkono ule, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke tumelala tukiwa na amani.

Unakumbukwa na mumeo mpenzi; na wanao, Kaka, Dada na mimi kitinda mimba; na wakwe zako; na wajukuu zako, ambao bado wanabishana nani ulimpenda zaidi; na mdogo wako, Mama mdogo; na Mjomba; na wanakwaya wote wakiongozwa na mwalimu wao fundi cherehani; na wenzako wa mahakamani, kuanzia Mheshimiwa hakimu hadi mlinzi wa lango.

Pumzika kwa Bwana uliyemtii. Hatutaacha kukukumbuka, Mama. Sisi ni wako.