Pale Maji Yalipotuzuia

Lulindi, 9 Agosti 1994

Shemeji Nikolao,

Nyinyi wa Newala endeleeni kupigwa na baridi, mwenzenu nina bahati ya mtende! Daraja litajengwa, na ni ulimi wangu uliomlainisha Baba Paulina akubali mikorosho yake ikatwe kupisha barabara. Mbuzi wako amezaa mapacha, wanafanana nami.

Mara ya kwanza injinia wa daraja alitandaza michoro. Baba Paulina akamwambia, "Mikorosho yangu haijui kusoma." Tukacheka mpaka akaondoka.

Juzi injinia alirudi mikono mitupu. Akatuomba tushuke mtoni, sasa ni mchanga mtupu, kila mtu asimame pale maji yalipowahi kumzuia. Mama Anifa akasimama pale korosho zake zilipoozea, lori la mnunuzi likimsubiri ng'ambo. Mimi nikasimama pale tulipotua kitanda cha dada yako Oliva, akiwa na uchungu wa kujifungua, tukingoja maji yapungue, mpaka akanyamaza.

Baba Paulina akanitazama. Akasema, "Kateni."

Shemeji, habari ya ulimi wangu ni uongo. Nililia tu, mbele ya watu wote.

Ni mimi, shemeji yako,
Christopher