Pilau ya Wodi ya Tatu

Gitothua, Ruiru
3 Machi

Mama, asalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, ila mshahara wa unesi ukishalipa kodi ya bedsita, chumba changu kimoja, nauli na umeme, kufika katikati ya mwezi ni chai na mkate tu. Juzi nikiweka dripu nilikosa mshipa mara mbili kwa njaa. Mgonjwa akaniambia, "Sista, kaa chini wewe kwanza." Nimepata ajenti wa kazi za unesi Riyadh, na huko wanalipa mara nne. Nataka kusaini mwisho wa Mei. Nipe baraka zako.

Mwanao, Nadira

Thika
6 Machi

Waaleikum salaam, mwanangu. Goti linanisumbua kwenye ngazi tu. Maneno ya mgonjwa wako yamenichekesha, kisha nikalia. Riyadh sikukatazi. Lakini hutatoka kwangu na njaa. Jumatatu naja hospitalini na sufuria ya pilau. Waambie wenzako wa wodi waje na sahani.

Mamako, Mishi

Gitothua
2 Aprili

Mama, shikamoo, na pole kwa safari za kila siku. Wodi ya tatu yote yakuulizia. Nesi mwenzangu Wanja anataka kujua kama kesho utapika ndengu. Tangu uanze kuuza chakula kibandani hapo getini, hata wa maabara wanakuja kununua. Pumzika Jumapili, tafadhali.

Mwanao, Nadira

Thika
11 Mei

Nadira, hujambo mama? Nimeona haya kukuambia hili ana kwa ana. Nikitoa mchele, gesi na kibanda, mwezi uliopita nimebaki na pesa kushinda mshahara wako. Wewe uliyesoma miaka minne. Usinikasirikie.

Mamako

Gitothua
29 Mei

Mama, salama? Nilicheka, halafu nikakasirika, lakini si kwako. Mimi na Wanja tuliwakusanya manesi wote tukaingia kwa mkurugenzi wa hospitali. Nikamweleza kwamba mpishi wa kibandani ananishinda mapato. Akauliza, "Yule wa pilau?" Kumbe naye hula kwako. Kuanzia Julai tutapata marupurupu ya nyumba na chakula cha zamu. Hayafikii mshahara wa Riyadh, lakini mwezi utaisha nikiwa nimeshiba. Ajenti nimemwambia hapana.

Nimepata nyumba ya vyumba viwili hapa Gitothua, tulipe nusu kwa nusu. Hakuna ngazi. Njoo na masufuria yako yote. Barua tuziache sasa. Ukinihitaji, gonga ukuta.

Mwanao, Nadira